Anne McLaren: Kutoka pingili za panya hadi watoto wa chupa

Panya wa maabara hawalingani migongo. Kuna ukoo wenye pingili tano za kiunoni na ukoo wenye sita. Miaka ya 1950 jambo hilo lilimshughulisha Anne McLaren, mtafiti wa London, pamoja na mumewe Donald Michie. Je, idadi hiyo huamuliwa na kile mtoto alichorithi, au na tumbo lililombeba? Wakatoa viinitete kwa panya wa ukoo mmoja na kuvipandikiza kwa wa ukoo mwingine, kisha wakahesabu. Watoto walielekea kumfuata mama aliyewabeba. Kumbe tumbo nalo lina mchango wake.

Mlipa kodi angeweza kuuliza pingili za panya zina faida gani. Faida ilikuwa kwenye mikono: kwa kazi hiyo McLaren alipata ustadi wa kuhamisha viinitete, vitu ambavyo jicho tupu huviona kwa shida, bila kuviua.

Katika Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo, London, alikutana na John Biggers, fundi wa kutunza tishu hai ndani ya vyombo. Mwaustralia Wesley Whitten alikuwa ameonyesha mwaka 1956 kwamba kiinitete cha panya chenye seli nane kinaweza kuendelea kukua katika maji maalumu ya maabara. Lakini kukua ni jambo moja, kuzaliwa mzima ni jingine. McLaren na Biggers walivitunza viinitete hivyo kwa takribani siku mbili, kisha wakavipandikiza kwa panya jike. Vilipozaliwa vitoto, McLaren alikuwa likizo, na Biggers akampasha habari kwa telegramu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1958.

Tuwe waangalifu hapa. Mayai yale yalikuwa yamerutubishwa tumboni kwa mama, si kwenye chupa. Urutubishaji wa nje uliothibitishwa kwa uzazi ulikuja mwaka 1959, mtafiti M. C. Chang alipofanikiwa kwa sungura. Hata hivyo, McLaren na Biggers ndio waliothibitisha kwamba kiinitete cha mnyama anayenyonyesha kinaweza kukaa nje ya mwili, kurudishwa, na kuzaliwa salama. Bila ushahidi huo, ni daktari gani angethubutu kufanya hivyo kwa binadamu? Miaka 20 baadaye, tarehe 25 Julai 1978, Louise Brown, mtoto wa kwanza wa chupa, alizaliwa Oldham, Uingereza, na sifa zikaenda kwa Robert Edwards na Patrick Steptoe waliofanikisha jambo hilo.

McLaren alikuwa amekwishahamia mambo mengine. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1959, akaenda Edinburgh, akafanya kazi huko miaka 15 huku akilea watoto watatu. Mwaka 1974 alirudi London kuongoza kituo cha utafiti wa ukuaji wa mamalia. Swali kubwa la hapo lilikuwa jinsia: ni nini hukifanya kiinitete kuwa dume? Wengi walidhani ni protini iitwayo H-Y. Mwaka 1984 McLaren na wenzake walionyesha kwamba wapo panya wasiokuwa nayo, na bado ni madume wenye korodani. Dhana ikaanguka. Jeni inayoamua udume, Sry, ilitambuliwa mwaka 1990, na mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, Robin Lovell-Badge, aliwahi kuwa mtafiti katika kituo hichohicho.

Mimi namheshimu zaidi kwa kazi aliyoifanya nje ya maabara. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock ili ipendekeze mipaka ya utafiti wa viinitete vya binadamu. McLaren ndiye aliyewaeleza wajumbe, kwa subira na lugha nyepesi, nini hutokea siku baada ya siku. Karibu na siku ya 15 hutokea mstari mwembamba ambako mwili utaanza kujipanga. Kabla ya hapo kiinitete bado kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Kamati ikapendekeza kikomo cha siku 14.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1985 muswada wa mbunge Enoch Powell wa kupiga marufuku utafiti huo ulipita hatua ya pili kwa kura 238 dhidi ya 66, ukakwama kwa kukosa muda bungeni. McLaren na wenzake waliendelea kuwaelimisha wabunge, na mwaka 1990 kikomo cha siku 14 kikawa sheria. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa katibu wa mambo ya nje wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa katika uongozi wa jumuiya hiyo yenye zaidi ya miaka 300.

Alifariki tarehe 7 Julai 2007 katika ajali ya gari akiwa na Michie, ambaye walikuwa wamerudiana, wakitoka Cambridge kwenda London. Alikuwa na miaka 80. Nobel ya Tiba ya mwaka 2010 alipewa Edwards peke yake, kwani tuzo hiyo hawapewi marehemu. Leo kliniki za upandikizaji wa viinitete zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na sheria ya siku 14 ingali inafuatwa Uingereza.