WIC kwa simu: mama aliyeko Marekani anavyoweza kujiandikisha akiwa nyumbani

Napata sana meseji kutoka kwa watu wenye dada, shemeji au mke huku Marekani. Hadithi ni ile ile: ana mimba, kazi ya zamu, hana gari, ofisi iko mbali, na kuna mtu kamwambia kuna msaada wa chakula. Afanyeje? Badala ya kujibu mmoja mmoja, leo naweka yote hapa. Wewe uliye kafe, piga printi au mtumie.

WIC NI KITU GANI?
Ni mpango wa Idara ya Kilimo ya Marekani wa lishe kwa kina mama na watoto wadogo. Ulianza kwa majaribio mwaka 1972, ukawa wa kudumu 1975. Unamhusu mjamzito, mama aliyejifungua (miezi 6, au mpaka mtoto atimize mwaka kama ananyonyesha), na mtoto mpaka anapotimiza miaka 5. Baba au bibi anayelea mtoto naye anaweza kumwandikisha.

Sio hela mkononi. Unapewa kadi ya kununulia maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, nafaka zisizokobolewa na maziwa ya kopo ya mtoto. Kuna na fungu la matunda na mboga: mwaka wa fedha 2025 lilikuwa dola 26 kwa mwezi kwa mtoto na 47 kwa mjamzito.

NANI ANAFAA?
Kipato kisizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini. Kwa familia ya watu 4, kuanzia Julai 2025 hadi Juni 2026, hiyo ni dola 59,478 kwa mwaka. Yaani hata mtu mwenye kazi anaingia! Mimba nayo inahesabiwa kama mtu. Ukishakuwa na Medicaid au SNAP, suala la kipato limekwisha.

Uraia je? Sheria ya shirikisho haidai uwe raia, ila sheria ya 1996 iliacha kila jimbo liamue kwa baadhi ya wageni. Mwenye kesi ya uhamiaji amuulize mwanasheria, sio jirani.

KWA SIMU INAKUWAJE?
Zamani ilikuwa lazima mama na mtoto wafike wenyewe. Corona ilipoingia, sheria ya Machi 2020 iliruhusu majimbo kuandikisha watu bila kufika, na baadaye ruhusa ikaendelezwa mpaka tarehe 30 Septemba 2026. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Naweza kufanya miadi kwa simu au video?"

Hatua zenyewe:
1. Tafuta tovuti ya WIC ya jimbo lako, jaza ombi au piga simu. Kisheria baadhi, kama mjamzito, wanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 10, wengine siku 20.
2. Omba mkalimani wa Kiswahili hapo hapo mwanzo. Ni bure, ni haki yako. Usimtumie mtoto wako wa darasa la nne kueleza mambo ya mimba.
3. Piga picha kitambulisho, kitu chenye anuani (bili ya umeme au mkataba wa nyumba) na karatasi ya mshahara au barua ya Medicaid. Uliza zitumwe kwa njia gani.
4. Siku ya miadi mtaalamu atauliza unakula nini na afya ikoje. Uzito, urefu na wingi wa damu bado vinahitajika, hata ukiongea kwa simu. Kama ulipimwa kliniki, waombe majibu hayo yafike WIC.
5. Majimbo mengi hutuma kadi kwa posta. Weka namba ya siri, anza kununua.

WANAPOKWAMIA WENGI
Huwa nawasaidia kina mama wa Kikongo na wa kwetu kutafsiri, na nimeona mawili. La kwanza, simu ya ofisi inakuja na namba ngeni. Watu huku wanaogopa matapeli, hawapokei, miadi inapotea. Uliza watapiga kwa namba gani, kisha isevu. Na ujue: WIC ni bure, anayekudai ada ni mwizi.

La pili ni kubwa zaidi. Mtoto akitimiza mwaka na maziwa ya kopo yakiisha, mama anaona mambo yamekwisha, anaacha. Jamani, bado kuna miaka 4 mbele! Mwaka 2022 katika kila watu 100 waliostahili, kama 53 tu ndio waliokuwa wakipata. Na chakula usichochukua mwezi huu hakihamii mwezi ujao.

Kwa hiyo kama una ndugu huku mwenye mtoto wa miaka 2 au 3, usimuulize tu hali. Muulize: "Umejaza WIC?" Mwenye uzoefu wa jimbo lake aandike hapo chini, atawasaidia wengine.

Naomba kuwasilisha.