Daftari la Kasongo, Mashine ya Kariakoo

Mama anayeuza mchele sokoni Kasongo, mashariki ya Kongo, yuko chini ya sheria moja ya biashara na wenzake wa Dakar na Cotonou, ambao akikutana nao hata kusalimiana kutawapa taabu. Mfanyabiashara wa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambaye wanaelewana naye tangu neno la kwanza, yuko chini ya sheria nyingine kabisa. Mambo yako hivyo tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja. Kwa mfanyabiashara wa chini kabisa, sheria hizo ni za upole: si lazima asajiliwe katika rejista ya biashara, anatoa tamko tu. Ila zinamdai jambo moja, kwamba kila siku aandike kitabuni pesa iliyoingia na iliyotoka, na ilikotoka na ilikokwenda.

Upande wa kodi, Kinshasa ilitoa sheria yake tarehe 23 Februari 2013. Mwenye mauzo yasiyozidi franka milioni 10 kwa mwaka alipangiwa kulipa franka 50,000 kwa mkupuo. Kati ya milioni 10 na 80, muuza bidhaa alitakiwa alipe asilimia 1 ya mauzo, na mtoa huduma asilimia 2. Ni sheria fupi, na hata asiyesoma sana akielezwa mara moja anaishika.

Lakini kodi hiyo haitembei peke yake. Ingia duka lolote la Kabambare, jirani na Kasongo, linalouza sabuni, chumvi, betri na mafuta ya mawese, uangalie nyuma ya mlango: pametundikwa mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi. Humo mna patanti, yaani leseni, inayotokana na amri ya tarehe 2 Agosti 1979 kuhusu biashara ndogo. Mna risiti za ushuru wa soko zilizokunjwa zikakunjwa hadi wino umefifia, na karatasi nyingine zenye mihuri ya ofisi mbalimbali. Kila moja ina bwana wake: teritwari, chefferie (utawala wa kichifu), jimbo kule Kindu, na leta, yaani serikali kuu, ya Kinshasa. Mwenye duka hajifunzi sheria kwa kuisoma. Sheria humfikia kwa miguu ya mtozaji, na mtozaji akibadilishwa, huona kama sheria nayo imebadilika.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba viongozi wa Kongo waliliona tatizo hilo. Machi 2018 zilitolewa amri mbili zinazoorodhesha kodi na ushuru, moja kwa serikali kuu, nyingine kwa majimbo na mamlaka za chini yake. Lisilomo katika orodha halidaiwi. Hiyo ni ngao nzuri kwa mnyonge, ila imeandikwa kwa Kifaransa, na soko la Kasongo linanunua, linauza na linagombana kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitambua kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa.

Msongamano wa watozaji si jambo geni katika njia hizi. Misafara iliyotoka pwani karne ya 19 kuja Kasongo, mji uliokuwa kitovu cha himaya ya mfanyabiashara Tippu Tip hapa Manyema, ilipita Ugogo ikilipa hongo kwa nguo, merikani na kaniki, kwa kila mtemi mwenye maji. Majadiliano yalichukua siku nzima, wakati mwingine zaidi. Unguja mambo yalikuwa kinyume. Forodha yote ilikodishwa kwa mtu mmoja, na mikataba ya sultani na Marekani mwaka 1833, kisha na Uingereza mwaka 1839, ilifunga ushuru wa bidhaa zao kwenye asilimia 5. Ugogo kiwango kilikuwa cha kupatana, ila aliyelipa alijua anapata maji na njia. Unguja kiwango kilijulikana kabla jahazi halijatia nanga, ila mkusanyaji alikuwa tajiri mwenye mikopo yake humo humo: Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip, baadaye aliishika forodha. Njia za leo za mashariki ya Kongo zimerithi wingi wa malango ya Ugogo, na maji hayapo. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili peke yake, na Kabambare inapakana na Kivu Kusini.

Tanzania imeshika njia ya mashine na jedwali. Mashine za EFD, za kutoa risiti za kodi kielektroniki, ziliingia mwaka 2010, na risiti yake inachapwa papo hapo mbele ya mteja. Wadogo kabisa, wenye mauzo chini ya shilingi milioni 4, walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000 kuanzia Desemba 2018, ili machinga, mchuuzi mdogo, asisumbuliwe barabarani. Kinachonivutia zaidi ni jedwali la wanaofuata. Mwenye mauzo ya milioni 5 akiwa na kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Asiye nazo hulipa 100,000. Hapo daftari lina bei inayoonekana, na anayeandika anajua kila jioni anaandikia nini. Tusiipake nchi hiyo rangi ya pepo, maana Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka kwa hasira dhidi ya wakusanya kodi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja.

Kenya inadai mtu akumbuke tarehe. Tangu Julai 2023, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na 25 hulipa asilimia 3 ya mauzo hayo, na ritani yake iwe imefika ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kupitia intaneti. Mkenya hamsubiri mtozaji mlangoni, anaiogopa kalenda.

Nikizilinganisha, naona wa Kasongo hazidiwi na viwango. Anaumizwa na mambo mawili. La kwanza ni franka. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Ile milioni 10 iliyokuwa zaidi ya dola 10,000 ikawa mwaka huo chini ya 4,000. Mtu anaweza kuvuka kizingiti na kuingia daraja la juu bila kuuza gunia moja zaidi.

La pili linanikera zaidi. Kitabu ambacho Tanzania inakilipia kwa punguzo, Kongo inakidai bure. Aliyeandika kila siku na asiyeandika hata mstari walipangiwa 50,000 ile ile. Ukija mwaka ambao pikipiki hazipiti kwenda Fizi, Kivu Kusini, na mchele umekaa Kabambare hadi ukaota kuvu, daftari la aliyeandika litaonyesha siku hizo zote hakuuza. Katika hesabu ya kodi yake halina pa kusomwa.