UBAGUZI ULIOANDIKWA KWA WINO: Kisa cha Imam Abdullah Haron na Waislamu wa Cape Town

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Tukizungumza habari ya ubaguzi wa rangi wengi wetu hufikiria matusi. Mtu katukanwa kwa sababu ya weusi wake, basi twasema huyo amebaguliwa. Ni kweli, lakini kuna ubaguzi mkubwa kuliko huo, nao hauna kelele. Huandikwa kwenye sheria, ukapigwa muhuri, ukatiwa kwenye faili. Karani anayeutekeleza aweza kuwa mtu mpole kabisa, akakuamkia na kukupa kiti, kisha akakwambia kuwa nyumba yako si yako tena. Mwezi huu mtukufu nimeona tuitazame historia ya ndugu zetu wa Cape Town, Afrika Kusini. Tuone ubaguzi wa namna hiyo uliwafanya nini, na imamu mmoja kijana aliujibu vipi.

WALIVYOFIKA CAPE TOWN

Huku kwetu pwani Uislamu ulikuja na majahazi ya biashara. Cape Town ulikuja na minyororo. Waholanzi walianzisha kituo chao pale mwaka 1652, wakawa wanaleta watumwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Pamoja na watumwa wakaleta wafungwa wa siasa, masheikh na watu wa kifalme waliowapinga. Sheikh Yusuf wa Makassar alifikishwa huko mwaka 1694. Mwaka 1780 akaletwa Tuan Guru, akafungwa Robben Island, kisiwa kile kile alichokuja kufungwa Nelson Mandela. Humo kifungoni aliandika msahafu kutoka kifuani mwake, bila kunakili popote. Alipoachiwa akawa imamu wa msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794 na ambao ndio wa kwanza Afrika Kusini. Mpaka leo watu wanasali humo.

Basi hao ndio watu wenyewe. Wazee wao walikuwa watumwa, na utumwa ulipofutwa mwaka 1834 walibaki mafundi cherehani, maseremala, waashi na wavuvi. Walijenga misikiti na vyuo, wakazika maiti zao, wakaoza watoto wao. Walikuwa maskini lakini walikuwa na mitaa yao.

SHERIA INAPOINGIA NYUMBANI

Mwaka 1948 chama cha Makaburu kilishinda uchaguzi ambao watu weusi walio wengi hawakuruhusiwa kupiga kura. Ubaguzi ulikuwepo tangu zamani, lakini sasa ukapangwa kama mtu anayepanga vitabu kwenye rafu. Mwaka 1949 ndoa baina ya Mzungu na asiyekuwa Mzungu zikapigwa marufuku. Mwaka 1950 ikaja sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake: Mzungu, Mweusi au Chotara. Wahindi baadaye wakapewa fungu lao. Waislamu wengi wa Cape waliandikwa Machotara. Kama rangi ya mtu ilikuwa na shaka, maofisa walimtazama pua na nywele. Wengine walitiwa kalamu ya risasi kichwani. Ikianguka, nywele zake ni za kizungu. Ikinasa, basi. Watu wa nyumba moja waliweza kutoka ofisini wakiwa wa makabila mawili.

Hebu fikiria, kalamu ndiyo iliyoamua utaishi wapi, utaoa nani na mtoto wako atasoma shule gani. Na hizo shule hazikuwa sawa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ilimtumilia mwanafunzi mmoja wa Kizungu zaidi ya mara kumi ya ilichomtumilia mwanafunzi mweusi. Halafu mtoto huyo mweusi akikua anaambiwa ati hakuajiriwa kwa sababu hana elimu. Hapo ndipo ilipo hila ya ubaguzi wa sheria. Unamnyima mtu, kisha unamlaumu kwa kukosa.

Mwaka huo huo wa 1950 ikapitishwa sheria ya kugawa miji kwa rangi. Tarehe 11 Februari 1966 mtaa wa District Six, katikati ya Cape Town, ukatangazwa kuwa wa Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa kidogo kidogo, nyumba zikabomolewa kwa matingatinga. Wakapelekwa mbali kwenye nyanda za mchanga ziitwazo Cape Flats. Jirani wa miaka arubaini alipelekwa huku, mwenziwe kule. Waliozoea kwenda kazini kwa miguu wakawa wanaamka usiku kuwahi gari. Vijana walikulia mahali pasipo wazee wanaowajua, na magenge yakawalea. Magenge hayo yanaua watu Cape Flats hadi leo, ingawa sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991. Sheria yafutwa kwa siku moja, lakini iliyoyafanya hayafutiki hivyo.

Misikiti ya District Six haikubomolewa. Ilibaki imesimama peke yake kwenye uwanja mtupu, na waumini wakawa wanapanda mabasi kutoka mbali kuja kusali katika msikiti wa babu zao.

IMAMU KIJANA

Abdullah Haron alizaliwa Cape Town mwaka 1924. Mamake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na shangazi yake. Alisoma dini nyumbani na Makka, na mwaka 1955, akiwa na miaka 31, akawa imamu wa msikiti wa Al-Jamia, mtaa wa Claremont. Mwaka 1958 yeye na vijana wake wakaanzisha chama cha vijana wa Kiislamu cha Claremont. Yaani walianza kama sisi tulivyo: darasa, mijadala, jarida dogo.

Lakini Imam Haron hakuishia hapo. Alikuwa akifanya kazi ya kuuza peremende za kampuni moja, na kazi hiyo ikampa nafasi ya kuingia Langa, Gugulethu na Nyanga, mitaa ya Waafrika ambayo watu wa rangi nyingine hawakuingia ovyo. Huko aliwajua watu. Baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, wakafa 69, wengi walifungwa na wengine wakakimbia nchi. Imam alikusanya pesa akawapelekea wake na watoto wa waliofungwa, na wengi wao hawakuwa Waislamu. Watu wa Langa wakamwita "mfundisi", neno lao la kumheshimu kiongozi wa dini.

Tusisahau kuwa kwa sheria ile yeye hakuwa katika daraja la chini kabisa. Chotara alipewa kidogo zaidi ya Mweusi, ndivyo serikali ilivyotaka, ili kila mtu ashughulike kulinda kidogo chake. Wengi walinyamaza, hata baadhi ya viongozi wa dini. Walisema, maadamu twaadhini na twafunga, ya siasa tuwaachie wenyewe. Imam alikataa hoja hiyo. Familia yake nayo ilikuwa imehama Claremont kwa sheria ile ile ya mitaa, kwa hivyo alijua kwamba kunyamaza hakumwokoi mtu.

Tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi, polisi wa usalama walimkamata. Sheria ya mwaka 1967 iliwaruhusu kumweka mtu bila kumfikisha mahakamani kwa muda wowote wautakao. Alikaa kizuizini siku 123. Tarehe 27 Septemba 1969 akafariki, mwili una michubuko na ubavu umevunjika. Polisi wakasema ati alianguka kwenye ngazi, na uchunguzi wa mwaka 1970 ukapita na maneno hayo. Maelfu kwa maelfu walilibeba jeneza lake kwa miguu mpaka makaburi ya Mowbray tarehe 29 Septemba. Usiku wa siku hiyo ardhi ya eneo la Cape ilitetemeka.

Mkewe, Bi Galiema, na watoto watatu walisubiri. Bi Galiema alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu mumewe azikwe, na bado hajasikia mahakama ikisema kweli. Tarehe 9 Oktoba 2023 ndipo Jaji Daniel Thulare alipoamua kuwa Imam aliteswa na polisi na ndiyo sababu ya kifo chake. Haki ilikuja, lakini ilichelewa miaka 54.

NA SISI JE?

Tusidhani haya ni ya Makaburu peke yao. Kenya ya ukoloni Mwafrika alivalishwa kipande shingoni, na mashamba bora ya nyanda za juu yakawekewa Wazungu. Hapa pwani Mwarabu aliandikwa upande mmoja na Mswahili upande mwingine, ijapokuwa walisali safu moja. Na hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi kijana Mnubi wa Kibra au Msomali alipoomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati athibitishe kuwa ni Mkenya, ilhali mwenziwe wa darasa moja hakuulizwa kitu. Bila kitambulisho hakuna kazi wala akaunti ya benki. Tena hakuna aliyemtukana. Ni fomu tu.

Kuna jingine gumu kulisema. Nilipokuwa chuoni alikuwako mwenzetu mweusi sana kutushinda sote, nasi tukamwita Bilal. Hatukumwita kwa kumheshimu. Tulimwita tukicheka, nami nilicheka. Jina la mtu aliyepandishwa juu ya Al-Kaaba aadhini siku ya kufunguliwa Makka tuligeuza mzaha, na hali tulikuwa tumeshika misahafu. Abu Dharr alipomtusi mtu kwa asili ya mamake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Abu Dharr alijuta. Mimi mwenzangu yule sijamwomba radhi mpaka leo, na Ramadhani hii, inshaallah, nitamtafuta.

Kwani sheria za ubaguzi huandikwa na nani? Huandikwa na watu waliozoea kucheka hivyo tangu utotoni. Zikishaandikwa hudumu kwa sababu wengine tumenyamaza, twaona hazituhusu. Suratul Hujurat aya ya 13 twaisoma sote, na wengine tumeihifadhi. Imam Haron aliisoma kisha akapanda gari kwenda Langa.

Vijana wenzangu, tukitoka kwenye tarawehe tujiulize: ni nani mtaani kwetu anayezungushwa ofisi hadi ofisi kwa sababu ya jina lake au asili yake? Twende naye. Tusimame naye kwenye foleni, tumwandikie barua kama hajui kuandika. Hiyo pia ni katika amali za mwezi huu.

Mola atutakabalie saumu zetu, amrehemu Imam Abdullah Haron na mkewe, na atusafishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.