Kasino katika meli za kitalii

Kasino katika meli za kitalii ni ukumbi wa michezo ya kamari uliomo ndani ya meli inayobeba abiria kwa matembezi ya baharini. Meli nyingi za kampuni kubwa kama Carnival, Royal Caribbean, MSC na Norwegian zina ukumbi wa aina hiyo, wenye mashine za sloti, meza za karata na meza za ruleti. Kwa macho ukumbi huo unafanana na kasino ya nchi kavu. Tofauti kuu haionekani: kwa kawaida kasino ya meli hufunguliwa pale meli inapokuwa mbali na pwani, na kwa hiyo hakuna bodi ya michezo ya kubahatisha ya nchi inayopitiwa inayoisimamia. Kutokana na jambo hilo hufuata mengine mengi, kuanzia saa za kufunguliwa hadi mahali ambapo abiria mwenye malalamiko anaweza kushtaki.

Historia

Kamari baharini ni ya zamani kuliko kasino za meli. Mwanzoni mwa karne ya 20, abiria waliovuka bahari ya Atlantiki walikuwa wakichanga fedha na kubashiri meli itakwenda maili ngapi kwa siku; aliyekaribia zaidi hesabu iliyotangazwa na maofisa wa meli alichukua fungu. Katika vyumba vya kuvutia sigara walikuwamo pia matapeli wa karata waliosafiri kwenda na kurudi kwa kazi hiyo tu, hata kampuni zikabandika matangazo ya kuwaonya abiria.

Kamari iliyotafuta kukimbia sheria ya nchi kavu ilijulikana zaidi katika pwani ya California, Marekani, miaka ya 1920 na 1930. Wakati huo mamlaka ya jimbo ilihesabiwa kuishia maili 3 za baharini kutoka pwani. Wafanyabiashara walinunua meli kuukuu, wakazitia nanga nje kidogo ya mpaka huo na kuwapeleka wateja kwa boti ndogo. Mashuhuri kati yao alikuwa Tony Cornero, mzaliwa wa Italia aliyejulikana pia kwa jina la Stralla na aliyewahi kufungwa kwa kosa la magendo ya pombe. Mwaka 1938 alifungua meli yake Rex mbele ya mji wa Santa Monica.

Agosti 1939 Earl Warren, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa California na baadaye Jaji Mkuu wa Marekani, alituma maofisa kwa boti kwenda kuzifunga meli hizo. Watu wa Rex waliwarushia maji kwa mipira ya kuzimia moto na kuwazuia kwa siku kadhaa kabla ya kusalimu amri. Mahakamani swali likawa moja tu: maili 3 zianze kuhesabiwa wapi? Cornero alidai zihesabiwe kutoka ufukweni. Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba Santa Monica ni ghuba, hivyo hesabu ianzie kwenye mstari unaounganisha rasi zake mbili, na kwa kipimo hicho Rex ilikuwa ndani ya California muda wote. Cornero alijaribu tena mwaka 1946 kwa meli nyingine, Lux, na mwaka 1948 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kupiga marufuku meli zinazotumika hasa kwa kamari katika pwani zake.

Maneno "zinazotumika hasa kwa kamari" yaliacha nafasi. Meli ya abiria yenye safari halisi, iliyoandikishwa nje ya Marekani, haikuguswa ilipofungua kasino mbali na pwani. Biashara ya safari za kitalii ilipokua kutoka Miami kwenda visiwa vya Karibi kuanzia miaka ya 1970, kasino zilikua pamoja nayo. Meli zenye bendera ya Marekani zilibanwa pia na sheria ya mwaka 1951 kuhusu mashine za kamari, hadi ilipolegezwa mwaka 1992.

Mipaka ya bahari na saa za kufunguliwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unairuhusu kila nchi ya pwani kuwa na bahari yake hadi maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi. Nje ya hapo, kwenye bahari kuu, meli hufuata hasa sheria za nchi ambayo bendera yake inapeperushwa. Meli nyingi za kitalii zimeandikishwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, hata kama ofisi za kampuni ziko Miami na abiria wengi ni Wamarekani.

Ndiyo sababu abiria anayepanda meli mchana hukuta taa za kasino zimezimwa, na tangazo la kufunguliwa husikika saa moja au mbili baada ya kung'oa nanga. Meli ikikaribia bandari nyingine, michezo husimamishwa. Umbali unaotakiwa haulingani kila mahali. Meli za kamari za siku moja kutoka Florida zimezoea kufungua meza baada ya maili 3 upande wa Atlantiki na maili 9 upande wa Ghuba ya Meksiko, kufuatana na mipaka ya jimbo hilo. Bermuda ilibadilisha sheria yake mwaka 2013 ili meli zilizofunga gati ziweze kufungua kasino usiku, kwa kuwa meli hukaa huko siku mbili au tatu na kampuni zililalamika kupoteza mapato.

Hawaii ni kinyume chake. Jimbo hilo limekataza karibu kila aina ya kamari, na meli Pride of America ya kampuni ya Norwegian, ambayo huzunguka visiwa hivyo pekee, haina kasino kabisa. Meli za Disney pia hazina, lakini kwa uamuzi wa kampuni yenyewe inayolenga familia zenye watoto.

Saa za kasino hutegemea basi ramani ya safari. Safari ya Mediterania inayotia nanga katika mji mpya kila asubuhi huwa na saa chache za kucheza, nyingi zikiwa za usiku. Safari ya kuvuka Atlantiki huwa na siku tano au sita za bahari tupu, na kasino yaweza kufunguliwa tangu asubuhi hadi usiku wa manane.

Barani Asia hali hiyo imezaa biashara ya pekee. Huko Hong Kong kasino haziruhusiwi nchi kavu, na kwa miaka mingi meli zimekuwa zikiondoka jioni, kuvuka mpaka wa bahari, kuchezesha kamari usiku kucha na kurudi asubuhi bila kufika bandari nyingine yoyote.

Michezo na hesabu zake

Sehemu kubwa ya ukumbi hujazwa na mashine za sloti, kwa kuwa huhitaji wafanyakazi wachache na huingiza fedha haraka. Mezani michezo ya kawaida ni ruleti, dadu, aina kadhaa za poka, na blakijeki, ambao ni mchezo wa karata wa kukaribia jumla ya 21 bila kuipita.

Kila mchezo umepangwa ili kasino ibaki na sehemu ya fedha kwa wastani, na sehemu hiyo inaweza kuhesabiwa. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, yaani 1 hadi 36 na sifuri moja. Anayebashiri namba moja na kushinda hulipwa mara 35 ya dau lake na kurudishiwa dau. Kama malipo yangekuwa ya haki kamili, angelipwa mara 36. Upungufu huo huipa kasino asilimia 2.7 ya kila dau. Gurudumu la Marekani lina sifuri mbili na namba 38, malipo yakiwa yaleyale, na sehemu ya kasino hupanda hadi asilimia 5.26. Yapo pia magurudumu yenye sifuri tatu, ambayo hupandisha kiwango hadi asilimia 7.69. Mchezaji anayeweka dola 10 kwa mizunguko 40 ndani ya saa moja kwenye gurudumu la Marekani huwa ameweka dola 400 kwa jumla, na kwa wastani hupoteza dola 21. Akicheza saa tatu kila usiku kwa siku tano, wastani hufika dola 315. Wapo watakaoshinda usiku mmoja au miwili. Wastani huo ni wa wengi kwa muda mrefu.

Katika blakijeki jambo la kutazamwa ni maandishi yaliyo juu ya kitambaa cha meza. Mchezaji akipata rasi na karata yenye thamani ya 10 kwa karata zake mbili za kwanza, meza ya zamani humlipa 3 kwa 2: dola 15 kwa dau la dola 10. Meza nyingi za melini hulipa 6 kwa 5, yaani dola 12. Tofauti ya dola 3 huonekana ndogo, lakini mkono wa namna hiyo hutokea mara moja katika kila mikono 21 hivi, na hivyo huongeza sehemu ya kasino kwa karibu asilimia 1.4. Huo ni mzigo mkubwa katika mchezo ambao mchezaji mwangalifu, kwenye meza yenye masharti mazuri, huweza kuubana hadi chini ya asilimia 1. Abiria asiyeridhika na masharti hana kasino nyingine ya kuhamia mpaka safari iishe.

Wanaoanza mara nyingi hufundishwa bure. Baadhi ya meli hutoa somo la meza siku ya kwanza, meli ikiwa safarini.

Kadi ya chumba na fedha

Melini fedha taslimu hutumika kidogo. Abiria hupewa kadi moja inayofungua chumba chake, kulipia vinywaji na kuingizwa kwenye mashine ya kamari. Fedha anazochezea zinaweza kuandikwa kwenye hesabu yake ya safari, na kampuni nyingine hutoza ada ya asilimia kadhaa kwa huduma hiyo. Ada hulipwa hata na aliyeshinda. Anayekuja na noti zake na kuzibadilisha kwa chipu, yaani vipande vya plastiki vya kuchezea, kwa kawaida huikwepa.

Kadi hiyo pia huweka kumbukumbu ya kila dau. Wanaocheza sana hupata pointi, vinywaji vya bure na baadaye barua ya kualikwa safari nyingine kwa bei ndogo au bila kulipia chumba. Zawadi hizo hupimwa kwa kiasi kilichochezwa, si kwa bahati ya mchezaji, na kampuni haipotezi kwa kuzitoa: katika kampuni kubwa kama Carnival na Royal Caribbean takriban theluthi moja ya mapato yote hutokana na matumizi ya abiria nje ya tiketi, kasino ikiwa pamoja na vinywaji na matembezi ya bandarini. Ukumbi wenyewe huwekwa njiani, mara nyingi kati ya mikahawa na ukumbi wa maonyesho, hivi kwamba hata asiyecheza huupita mara kadhaa kwa siku.

Umri wa chini wa kucheza ni miaka 18 katika meli nyingi na 21 katika baadhi. Mabaharia na wafanyakazi wa meli kwa kawaida hawaruhusiwi kucheza.

Usimamizi na malalamiko

Mchezaji wa kasino ya Dar es Salaam anayeona amedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyotoa leseni. Abiria aliye bahari kuu hana ofisi ya namna hiyo iliyo karibu naye. Chama cha kimataifa cha kampuni za safari za kitalii, CLIA, kimekuwa na miongozo ya hiari inayotaka mashine zifikie viwango vya mahali penye usimamizi mkali kama Nevada. Anayeamua mgogoro kwanza ni msimamizi wa kasino, ambaye ni mwajiriwa wa kampuni au wa mkandarasi wake.

Anayetaka kwenda mahakamani hukutana na mkataba wa tiketi. Mikataba mingi hutaja mji mmoja ambako kesi zote lazima zifunguliwe, mara nyingi Miami. Mwaka 1991, katika kesi ya Carnival dhidi ya Shute, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali sharti la aina hiyo dhidi ya abiria wa jimbo la Washington aliyeumia melini, ingawa Washington na Florida ziko pembe mbili za nchi. Kesi hiyo haikuhusu kamari, lakini sharti ni lilelile kwenye tiketi ya mchezaji.

Pengo hilo huwagusa zaidi wenye uraibu wa kamari. Katika nchi na majimbo kadhaa mtu huweza kujiandikisha asiruhusiwe kuingia kasino yoyote iliyo chini ya mamlaka hiyo. Orodha hizo kwa kawaida hazifuati meli baharini. Kampuni kadhaa hukubali maombi ya abiria ya kuzuiwa kucheza, lakini ni lazima aombe kwa kila kampuni, na heri kabla ya safari. Akishapanda, anaishi kwa wiki nzima hatua chache kutoka kwenye meza, na deni lake huandikwa kwenye kadi ileile anayofungulia mlango.

Usiku wa mwisho

Kasino hufungwa mapema usiku wa mwisho, meli inapokaribia bandari ilikoanzia. Chipu zote hubadilishwa kabla ya hapo kwenye dirisha la fedha, kwa sababu hazina thamani nchi kavu. Salio lililobaki kwenye mashine nalo hutolewa usiku huohuo. Madeni ya kasino huingia kwenye hesabu ya jumla ya safari, ambayo abiria huipata asubuhi ya kushuka.