Gusii ilipohama KANU na Nyachae

Februari 2026 imetimiza miaka 5 tangu Simeon Nyachae afariki dunia jijini Nairobi, siku chache kabla ya kufikisha umri wa miaka 89. Kumbukumbu hiyo imeangukia wakati jina lake limerudi midomoni mwa watu, kutoka Suneka hadi Keroka, kutoka Nyansiongo hadi Ogembo. Sababu ni Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira na waziri wa Usalama wa Ndani enzi za Uhuru Kenyatta, ambaye ametangaza kwamba anausaka urais wa 2027, huku Jubilee ikimkumbatia. Wanaomuunga mkono wanasema Gusii imepata Nyachae wa pili. Wanaompinga wanawakumbusha kwamba Nyachae wa kwanza hakufika Ikulu.

Pande zote mbili zinamkumbuka Nyachae kwa kura za urais za 2002 tu. Zinasahau kwamba kabla ya kura hizo kulikuwa na mtu aliyeitumikia serikali ya KANU kwa miongo kadhaa, akaiacha akiwa juu, akalivuta eneo zima nyuma yake, na kabla ya miaka miwili kupita baada ya uchaguzi akarudi serikalini kwa mlango mwingine. Vijana wanaosema leo kwamba kuhama chama ni mchezo wa kawaida wa wanasiasa wetu wangefaa kuanza na safari hii, maana ndani yake kuna uhamaji wa aina mbili, na haufanani hata kidogo.

Nyachae alizaliwa Februari 6, 1932 katika kijiji cha Nyosia, Nyaribari, katika boma la Chifu Musa Nyandusi, mmoja wa machifu wenye nguvu zaidi katika Kisii ya ukoloni. Kitabu cha maisha yake, Walking through the Corridors of Service, kilitoka mwaka 2010, na kichwa chake chenyewe kinaonyesha alivyotaka akumbukwe: mtumishi wa umma kwanza, mwanasiasa baadaye. Alianza kama karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya huko Kisii, akaenda Uingereza kusomea utawala, na mwaka 1960 akaingia katika utawala wa mikoa. Baada ya Uhuru alikuwa mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa, kisha wa Kati, hadi 1979 alipopanda kuwa katibu wa wizara katika ofisi ya Rais. Mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, uliozinduliwa 1983, unahusishwa naye moja kwa moja. Mwaka 1984 akawa Katibu Mkuu wa Serikali na mkuu wa utumishi wa umma. Alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa, na mkate wa Sansora ulikuwa umeingia katika nyumba nyingi za Kisii.

Siasa ilimpokea vibaya. Katika uchaguzi wa 1988, ule wa kura za kupanga mlolongo, alitaka kiti cha Nyaribari Chache, lakini KANU ikamnyima kibali cha kuwania. Mtu aliyekuwa ameendesha utumishi wa umma wa nchi nzima akazuiwa kuomba kura za majirani zake. Wakati huo chama kilikuwa kimoja tu, na aliyefungiwa mlango wa KANU hakuwa na pengine pa kubisha.

Hapo ndipo inafaa kumkumbuka George Anyona wa Kitutu Masaba, kwa kuwa Gusii ilikuwa na njia nyingine ya siasa. Anyona na Jaramogi Oginga Odinga walijaribu kuanzisha chama cha pili mwaka 1982, naye akawekwa kizuizini, na KANU ikakimbilia kuandika katika Katiba kwamba hakuna chama kingine kinachoruhusiwa. Mwaka 1990 Anyona alikamatwa tena na wenzake, na mwaka uliofuata akafungwa kwa uchochezi. Vyama vingi viliporudi alijijenga upya katika chama chake kidogo, Kenya Social Congress, akaingia bungeni 1992 na 1997 akiwa mbunge pekee wa chama hicho. Nyachae hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1992, pamoja na uchungu wa 1988, aligombea kwa tiketi ya KANU, akashinda, na Rais Moi akamteua waziri wa Kilimo. Wizara hiyo iligusa uhai wa Gusii moja kwa moja, kwa watu waliotegemea majani chai, pareto na kahawa.

Januari 1998, baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, Moi alimpa Hazina, na uhusiano wao ukaanza kuvunjika. Nchi ilikuwa mashakani. Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limesimamisha mikopo yake mwaka 1997 kwa sababu ya ufisadi, kashfa ya Goldenberg ikiwa bado kidonda kibichi. Barabara zilikuwa zimesombwa na mvua za El Niño. Mwaka huo wa 1998 Trust Bank ilianguka na watu wakakwama na akiba zao, na mwezi wa Oktoba walimu wakagoma kwa sababu nyongeza ya mshahara waliyoahidiwa kabla ya uchaguzi haikulipwa kama walivyokubaliana. Waziri wa Fedha angeweza kufanya walivyofanya wengi kabla yake, yaani kusoma hotuba ya bajeti na kunyamaza. Nyachae alisimama mbele ya umma akasema serikali haina pesa. Akataka matumizi yapunguzwe na madeni yakusanywe, hata kwa wakubwa waliokuwa wamezoea kutoulizwa.

Wakati huohuo kiti cha Makamu wa Rais kilikuwa wazi. George Saitoti alikuwa ameachwa nje tangu Januari 1998, na Moi hakuwa amemtaja mrithi. Katika nchi iliyokuwa inahesabu miaka ya Moi iliyosalia, kila waziri mwenye uzito alitazamwa kama mrithi, na Nyachae alikuwa mmoja wao. Maneno yake kuhusu Hazina yakawa yanasikika kama maneno ya mtu anayejiandaa.

Enzi hizo mawaziri walisikia hatima yao kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, KBC. Mnamo Februari 1999 mabadiliko ya baraza yalitangazwa, na Nyachae akaondolewa Hazina na kupelekwa wizara ya Viwanda. Wengi walishushwa cheo hivyo wakaenda kushukuru. Yeye alikataa. Alijiuzulu uwaziri siku hizohizo, jambo ambalo mawaziri wa Moi walilifanya kwa nadra sana, na Aprili mwaka huo Saitoti akarudishwa kuwa Makamu wa Rais.

Ni hapa ambapo wengi hukosea wanaposema kwamba Nyachae alihama chama mwaka 1999. Sheria haikumruhusu bila gharama. Tangu 1966, Bunge lilipopitisha mabadiliko ya Katiba dhidi ya Jaramogi Odinga na wenzake wa chama cha KPU, mbunge aliyekiacha chama kilichomchagua alipoteza kiti. Kwa hiyo Nyachae alibaki mbunge wa KANU kwa karatasi, akakaa viti vya nyuma, huku Gusii ikijua kwamba roho yake imeshaondoka. FORD-People, chama kidogo kilichotokana na mgawanyiko wa FORD ya awali na ambacho mgombea urais wake wa 1997, Kimani wa Nyoike, aliambulia kura chache sana, kikawa nyumba yake mpya. KANU ilikuwa na mizizi Gusii kwa miaka mingi, lakini kufikia 2002 kofia na fulana za FORD-People zilikuwa zimejaa Daraja Mbili na Nyamira mjini.

Kisha ikaja Oktoba 14, 2002. Siku hiyo wajumbe wa KANU walikuwa Kasarani wakimpitisha Uhuru Kenyatta, chaguo la Moi. Upande wa pili wa Nairobi, katika bustani ya Uhuru Park, waasi wa KANU walioongozwa na Raila Odinga walikuwa wamekutana na upinzani. Nyachae alikuwa mmoja wa watu waliozungumza na kambi hiyo kuhusu kuungana dhidi ya Moi, naye alishikilia jambo moja: mgombea mmoja apatikane kwa kura ya wajumbe. Mbele ya umati Raila akatamka maneno mawili, Kibaki Tosha, yaani Kibaki wa upinzani ndiye mgombea, na mambo yakaishia hapo. Hapakuwa na kura wala wajumbe.

Waliokuwa karibu na NARC, muungano huo ulivyoitwa, wameirudia hadithi hiyo mara nyingi kama busara kubwa ya kisiasa, na matokeo yaliwapa haki: Kibaki alishinda kwa zaidi ya asilimia 60. Lakini hoja ya Nyachae haikuwa ya kijinga. Chama, au muungano wa vyama, unaochagua kiongozi wake kwa tamko la mtu mmoja jukwaani unafunga kwa kamba isiyo na fundo. Makubaliano ya NARC ya mwezi huohuo yalivunjika ndani ya miaka 3, na waliotangaza Tosha wakawa wa kwanza kulalamika kwamba hawakutendewa haki. Nyachae alijitoa akawania peke yake. Kwa hilo aliitwa mkaidi, na wengine walimtuhumu kwamba anagawanya kura za upinzani. Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu njia, hata kama alikuwa amekosea kuhusu hesabu.

Desemba 27, 2002 alipata kura zaidi ya 345,000, karibu asilimia 6, akawa wa tatu. Sehemu kubwa ya kura hizo ilitoka Gusii. Katika ubunge, majimbo yote 10 ya Gusii, kutoka Bonchari hadi Mugirango Kaskazini Borabu, yalichukuliwa na FORD-People, kati ya viti 14 ambavyo chama kilipata nchini. Wimbi hilo halikuchagua. Lilimbwaga Chris Obure, waziri wa KANU, huko Bobasi, na likambwaga pia George Anyona huko Kitutu Masaba, mtu aliyewekwa kizuizini kwa ajili ya vyama vingi kabla Nyachae hajaonja uchungu wa KANU. Anyona alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003. Kumwangusha mtu huyo ni doa ambalo Gusii haijalizungumzia vya kutosha.

Mwishoni mwa Juni 2004 Kibaki, aliyekuwa akizozana na upande wa Raila ndani ya NARC, aliwaita wapinzani serikalini. Njenga Karume na John Koech walitoka KANU. Nyachae alitoka FORD-People, akawa waziri wa Kawi. Safari hii hakuhama chama hata kwa jina. Chama ndicho kilichohama pamoja naye. Hakukuwa na kongamano la wajumbe lililopigia kura uamuzi huo. Mtu aliyekataa Tosha kwa sababu wajumbe hawakuulizwa hakuwauliza wajumbe wake. Mwaka 2005 alisimama upande wa ndizi, yaani wa ndiyo, katika kura ya maamuzi ya Katiba, akashindwa pamoja na serikali, na Desemba akapewa wizara ya Barabara aliyokuwa nayo Raila.

Wapigakura wake walimjibu Desemba 2007. Robert Monda wa NARC alimshinda huko Nyaribari Chache, na kazi ya Nyachae ya kuchaguliwa ikaisha. Monda huyohuyo baadaye alikuwa naibu gavana wa Kisii, hadi Seneti ilipomwondoa mwaka 2024. Wale waliopanda gari la FORD-People mwaka 2002 wakatawanyika. Omingo Magara alikuwa ODM mwaka 2007 kisha akawa na chama chake. Hata Obure, waliyembwaga mwaka 2002, alikuwa seneta wa ODM 2013, akawania ugavana kwa Jubilee 2017. FORD-People yenyewe ilipata pumzi mpya Juni 2010 Manson Nyamweya aliposhinda uchaguzi mdogo wa Mugirango Kusini, na mwaka 2016 ikavunjwa pamoja na vyama vingine kuunda Jubilee, chama kilekile ambacho leo kinapeperusha jina la Matiang'i.

Nyachae alizikwa Nyosia, Februari 2021. Yanayokosekana tangu hapo ni maandishi ya safari yake yaliyo wazi kwa umma. Kaunti za Kisii na Nyamira zina serikali zake tangu ugatuzi uanze 2013, lakini hakuna mahali pa umma ambapo kijana wa Kebirigo au Tabaka anaweza kwenda akasoma jinsi eneo lake lilivyohama chama mara moja, kwa umoja ambao haujaonekana tena. Ilani, barua, orodha za wajumbe na hotuba za 2002 ziko katika makabati ya watu binafsi, na wenyewe wanazeeka. Serikali za kaunti hizi mbili zina vyuo vikuu karibu nazo, Chuo Kikuu cha Kisii kikiwa mlangoni. Zishirikiane kuyakusanya maandishi hayo, yakiwemo ya Anyona, kabla ya kampeni za 2027 kuanza kuyaandika upya kwa faida ya mgombea yeyote.