Dodoma, Mji wa Wapangaji

Ndugu zangu mliopata kusoma shule yetu, na nyinyi vijana ambao leo mnakalia madawati yetu ya zamani,

Sisi tuliosoma hapa mwishoni mwa miaka ya tisini tuliujua mji huu kwa miguu. Jumamosi, tukipata ruhusa, tulikwenda Majengo tukazunguka sokoni, tukapita Uhindini kutazama maduka, tukafika stesheni kutazama gari moshi, kisha tukarudi bwenini kabla ya kengele. Haikutupitikia kuuliza ni nani waliokaa katika nyumba zile tulizozipita. Wengi walikuwa wapangaji. Nimekusudia kueleza habari zao, maana historia ya makao makuu husimuliwa kwa majina ya viongozi na kamati, naye mpangaji husahauliwa.

Wazee husimulia kwamba jina la mji latokana na neno la Kigogo "idodomya", yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwama matopeni. Wajerumani walipoifikisha hapa reli ya kati mwaka 1910, walikuja pamoja nayo mafundi, makarani, wachukuzi na wachuuzi. Mgogo alikuwa na tembe yake, yenye paa la udongo, iliyotosha jamaa na mifugo. Lakini mgeni mwenye sanduku moja, asiye na shamba wala ukoo hapa, alihitaji chumba tu. Ndiyo sababu nyumba ya Kiswahili ilistawi: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na choo cha wote. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha.

Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliendelea kuwagawa watu kwa rangi: maduka na nyumba za Wahindi upande huu, Waafrika wakasongamana upande ule. Hilo lilikuwa dhuluma, wala tusilipambe. Hata hivyo, wenyeji wa mitaa ile walijijengea jambo jema ndani ya ubaya huo. Soko, stesheni, msikiti, kanisa na kazi vilikuwa karibu, na mtu asiye na hata baiskeli aliweza kuishi.

Baada ya Uhuru, Serikali nayo ikawa mwenye nyumba. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika mwaka 1990. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mpango Kabambe wa mwaka 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ulikuwa na shabaha ya kusifiwa: mji usio wa fahari, ambao mkazi wake angetembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Mpango huo ulichorwa kwenye karatasi. Majengo na Madukani, ambako mtu hutoka mlangoni akafika sokoni kabla jua halijamchoma, palikuwapo tayari.

Kwa upande wa kodi, sheria ya mwaka 1984 ilimwekea mwenye nyumba mipaka, na mpangaji aliyeonewa aliweza kwenda Baraza la Nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinga ya mpangaji imekuwa zaidi mkataba wake na utu wa mwenye nyumba.

Haya niliyajua kwa vitabu, mpaka yaliponifika mwenyewe. Julai 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na mwaka uliofuata nikaja na faili zangu. Dalali mmoja alinipeleka mbali, kwenye nyumba mpya yenye vigae. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja kuwa haki yake. Nikaondoka kwa aibu, maana sikuwa nazo. Jioni nikajikuta Majengo, katika njia zile zile za Jumamosi. Bibi mmoja aliyeketi barazani aliniuliza, "Mwanangu, unatafuta nani?" Nikamjibu kwamba natafuta chumba. Akanionyesha viwili, kodi ya miezi mitatu. Mlango ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Humo nimejifunza zamu ya kufagia uani, kuchangia umeme bila ugomvi, na kuamkia wakubwa kabla ya kwenda kazini. Nilipougua homa, aliyenipikia uji ni mpangaji wa chumba cha pili, muuza mitumba, tusiyejuana kwa kabila wala kwa dini.

Mwaka 2019 ofisi yangu ilihamia Mtumba, mwendo wa zaidi ya kilometa 15. Sasa napanda basi alfajiri. Wenzangu hunishauri nihame. Wakati huo huo nyumba za zamani zinabomolewa moja moja ili zijengwe fremu za maduka. Mji umekua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000, na ile ya mwaka 2022 watu wapatao 765,000. Si wote watakaojenga. Mhudumu, mlinzi, mwalimu mpya na mwanafunzi wa chuo watapanga, na wakisukumwa pembezoni, nauli italamba mshahara wao.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa wapima ardhi, wahandisi na wanasheria. Siku mtakapokabidhiwa ramani ya mtaa wa zamani, kabla ya kuandika "ubomolewe", teremkeni garini. Tembeeni kutoka stesheni mpaka Majengo, mbishe hodi, mwulize mpangaji anafikaje kazini. Mimi bado nipo pale pale. Karibuni.