Ujira wa Mlinzi wa Gereza

Kila asomaye Matendo ya Mitume amjua yule mlinzi wa gereza la Filipi, aliyeamka usiku wa tetemeko, akaona milango i wazi, akaufuta upanga wake ili ajiue. Habari yake husimuliwa kwa ajili ya wokovu wake, nayo ni haki; lakini leo natumaini wasomaji watakubali tuutazame kwanza ule upanga. Alijua ya kuwa roho yake ilikuwa rehani ya roho za wafungwa. Katika mlango wa 12 wa kitabu kile kile, Petro alipotoka gerezani, Herode aliamuru walinzi wake wauawe. Basi tusistaajabu kwamba mtu huyu aliwatia Paulo na Sila katika chumba cha ndani, akawafunga miguu kwa mkatale. Aogopaye hufunga mara mbili.

Rehani ya namna hii ilidumu miaka mingi. Huko Uingereza, katika karne ya 18, mtu aliyeshindwa kulipa deni aliweza kutiwa gerezani. Naye akitoroka, mwenye kumdai aliweza kulidai deni lile kwa wale waliopewa kumlinda. Magereza mengi yalikuwa majengo mabovu, ngome za kale au vyumba vya malango ya mji. Kujenga ukuta ni gharama, kuajiri walinzi wengi ni gharama, mnyororo ni rahisi. Wakafunga minyororo.

Lakini lililoiharibu kazi hii kupita hofu ni ujira wake. Walinzi wengi hawakupewa mshahara na serikali, bali walikula kwa mikono ya wafungwa wenyewe: ada, kodi ya kitanda, fedha ya kupunguziwa uzito wa pingu. Tena waliuza pombe mle ndani, hata mfungwa mlevi akawa faida. Mimi ni mwalimu, nami nimejiuliza: kama ningelishwa kwa faini za watoto wakosaji tu, je, ningewaombea wawe wema?

Ulinzi ukawa bidhaa. Mwaka 1728 Thomas Bambridge na mwenzake waliununua usimamizi wa gereza la Fleet, mjini London, kwa pauni 5,000. Mtu atoaye mali nyingi hivyo hana budi kuitafuta irudi, naye akaitafuta kwa wafungwa. Robert Castell, msanifu wa majengo aliyefungwa kwa deni, aliposhindwa kumlipa alipelekwa katika nyumba yenye ndui, akaugua, akafa. Rafiki yake James Oglethorpe alikuwa mjumbe wa Bunge. Mwaka 1729 kamati yake ikaingia magerezani, ikayaona. Bambridge alishitakiwa, na mahakama ikamwachilia. Ila Bunge lilimwondoa katika kazi ile.

Hata hivyo si wote waliokuwa hivyo. Huko Bristol palikuwa na mlinzi aitwaye Abel Dagge. Mshairi Richard Savage alipofungwa kwa deni katika gereza lake, Dagge alimkaribisha mezani pake, na mara nyingine akatembea naye nje mashambani. Savage alipofia mle mwaka 1743, mlinzi akamzika kwa fedha zake mwenyewe. Dagge naye aliishi chini ya desturi zile zile za Bambridge. Ila nchi haiwezi kutegemea ya kwamba kila gereza litapata Dagge wake.

Aliyelifahamu jambo hili vema ni John Howard. Mwaka 1773 alifanywa sherifu wa jimbo la Bedford, ambalo katika gereza lake John Bunyan, mwandishi wa Safari ya Msafiri, alikuwa amefungwa miaka 12. Masherifu wengi waliwaachia wengine kuyatazama magereza. Howard aliingia mwenyewe. Akakuta watu ambao mahakama imewaona hawana hatia, nao wangali gerezani, kwa kuwa hawakuweza kulipa ada ya kufunguliwa: shilingi 15 na peni 4 kwa mlinzi, na shilingi 2 kwa mshika funguo. Hakumtukana mlinzi. Aliwaendea mahakimu wa jimbo, akaomba mlinzi apewe mshahara badala ya ada. Wakamwuliza, ni wapi pengine wafanyapo hivyo? Howard akapanda farasi kwenda majimbo ya jirani kutafuta mfano. Hakuupata, bali kila mahali alikuta uovu ule ule.

Katika safari hizo nguo zake zilinuka hata hakuweza kuvumilia kukaa katika gari lililofungwa, na daftari lake ilimpasa kuliweka mbele ya moto kabla ya kuliandikia tena. Walinzi wengi walitoa udhuru wasiingie naye katika vyumba vya wahalifu, naye hakuwashangaa. Waliiogopa homa ya magereza, nao walikuwa na sababu. Mwaka 1730 wafungwa walioletwa mahakamani Taunton kutoka Ilchester waliileta homa hiyo, ikamwua hakimu mkuu Pengelly na watu wengi wa mji. Haikuchagua mwenye ufunguo na asiye nao. Ni mwaka 1909 tu ambapo Charles Nicolle, huko Tunis, alivumbua ya kuwa huenezwa na chawa.

Mwaka 1774 Howard alitoa ushahidi wake Bungeni, na mwaka ule ule zikatoka sheria mbili: moja kwamba aachiliwaye na mahakama asidaiwe ada, ya pili kwamba kuta zipakwe chokaa kila mwaka, hewa iingie, na wagonjwa wapewe vyumba vyao. Howard alizipiga chapa kwa gharama yake kwa herufi kubwa, akampelekea kila mlinzi wa gereza nchini. Kuuza pombe kulikatazwa mwaka 1784, na ada zote zikafutwa mwaka 1815; lakini Howard alikuwa amekwisha kufa kwa homa mwaka 1790 huko Kherson.

Kabla ya hapo alizunguka tena magerezani mara nyingi. Kila alipoingia alitazama ukutani, na katika maelezo yake ya gereza baada ya gereza aliandika ya kuwa karatasi ya sheria haikutundikwa.